Profesa Mgeni wa Miaka Tisa

Mpendwa Shangazi Opal, majibu yako nayasoma gazetini kila wiki, na leo mimi ndiye naomba msaada wako, na kwanza naomba usicheke, kwa sababu mume wangu nilipomweleza aliacha uma mezani akaenda kuchekea barazani.

Mimi nafundisha ualimu katika chuo kidogo hapa Iowa, ambako wanafunzi husoma kila kitu kidogo kidogo, falsafa asubuhi, kemia mchana, na mahindi yametuzunguka pande zote, na cheo changu ni profesa mgeni, ndivyo nilivyoajiriwa, mgeni wa mwaka mmoja, kushika nafasi ya mzee aliyestaafu, na mwaka ulipoisha wakaniongezea mwingine, na mwingine, na sasa huu ni wa tisa, na mlangoni pangu bado imebandikwa karatasi iliyoandikwa PROFESA MGENI bila jina, kwa sababu siku niliyofika mkuu wa taaluma, Gretchen Aldinger, aliniambia, "Jina tusihangaike nalo, mpenzi, utakuwa umeshaondoka kabla gundi haijakauka," na wanafunzi wapya hudhani hilo ndilo jina langu la ukoo, wananiita Dokta Mgeni, nami naitika.

Basi mwaka huu ofisi ya utumishi imegundua kuwa sheria ya chuo hairuhusu mgeni kukaa zaidi ya miaka mitatu, kwa hiyo nafasi hiyo hiyo ya mgeni itangazwe upya nami niombe kama watu wengine, kana kwamba ndiyo nafika, nikakubali, lakini sheria hiyo hiyo inasema kamati ya ajira lazima iwe na mtu wa idara ya ualimu, na idara ya ualimu, Shangazi, ni mimi peke yangu. Wakaniweka kwenye kamati. Nikamwendea mwenyekiti, Dale Vossberg, mtaalamu wa miamba, nikamwambia, "Dale, si mimi ndiye ninayeomba hiyo kazi?"

"Tunajua," akasema, "na tumeshalifikiria. Wewe usizungumze tu na mwombaji nje ya kikao."

"Mwombaji yupi?"

"Si ni wewe!"

Siku ya usaili wangu nilitoka mlango wa mbele kama mjumbe, nikazunguka jengo, nikabisha mlango wa nyuma kama mwombaji, na Dale akasimama akanipa mkono, "Karibu sana chuoni kwetu, safari ilikuwaje?" nami, na hapa ndipo ninapoona aibu, nikajibu kwamba ilikuwa njema, theluji kidogo tu. Nikaulizwa maswali, nikajibu, nikatoka, nikazunguka tena, nikakaa kwenye kiti changu, na Dale akanisimulia mwombaji alivyofanya. "Ana wasiwasi kidogo," akasema, "lakini anakijua chuo chetu ajabu, inaonekana alijiandaa." Mchana mwombaji hulishwa na mjumbe wa idara, kwa hiyo nilikula supu ya boga peke yangu, kisha nikajaza fomu inayouliza mwombaji ni mtu wa namna gani mezani. Niliandika: mkimya.

Muda wote huo mbwa wa Gretchen, Biskuti, alikuwa amelala chini ya meza katika kikapu chenye kibao cha shaba kilichochongwa jina lake, na Biskuti ana miaka miwili tu hapa.

Haya yote ningeyavumilia, ila mwombaji mwenzangu ni Kaylin Ostrander, niliyemfundisha mwenyewe tangu hajui kushika chaki, na mimi ndiye niliyemtilia sahihi cheti chake cha ualimu, maana hapa jimbo halimpokei mwalimu bila sahihi ya mtu wa idara mwenye miaka mitano kazini, kwa hiyo kila Mei natia sahihi za wote, na katika somo lake la majaribio Kaylin alifundisha hesabu za sehemu, nusu na robo, kwa mkate wa mahindi, akaukata ovyo makusudi, darasa likagombania vipande mpaka wakaanza kupiga hesabu wenyewe bila kuambiwa, na ujanja huo ni wangu, lakini yeye aliufanya vizuri kuliko mimi, Shangazi, nikajikuta nalia kwa furaha mbele ya kamati.

Nikasoma mafaili yote mawili kwa jicho la mjumbe. Nikampa yeye tisa, nikajipa sita, na pembeni ya jina langu nikaandika kwa mkono wangu mwenyewe: "Miaka tisa ni mgeni tu. Inatia shaka kwa nini hakuna aliyemtaka." Sijalala vizuri tangu nilipoandika hilo.

Wajumbe wengine wanne wamegawanyika wawili kwa wawili, na Ijumaa kura yangu ndiyo itakayoamua. Nikijipigia, nimemdhulumu mtoto niliyemlea. Nikimpigia yeye, mwezi wa tisa sina kazi, na nina miaka hamsini na minne. Jana alinikuta kwenye ukumbi akanong'ona, "Prof, nasikia kuna mtu wa humu ndani anaitaka hii kazi, unamjua?" Nikamjibu siruhusiwi kuzungumza na waombaji. Nifanyeje?

Wako, Mgeni, Iowa

*

Mgeni,

Nimecheka. Nilijikaza mpaka kwenye supu, pale nikashindwa. Sasa nimemaliza, tuongee.

Pole, dada yangu. Waliyokufanyia si haki. Lakini na wewe! Mtu anakukaribisha katika nyumba unayoifagia mwenyewe, nawe unampa habari za theluji? Kwani ulisafiri kutoka wapi, jikoni kwako? Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe jembe ulipewa siku ya kwanza, umelima miaka tisa, na bado unapiga hodi. Dale simlaumu, anashinda na mawe. Mbwa simlaumu. Gretchen namlaumu, na wewe nakulaumu kidogo, kwa kuitika.

Ile sita uliyojipa ifute. Hukuipima kazi yako, uliipima karatasi ya mlangoni. Kazi yako ulikwisha kuiona ikikata mkate wa mahindi mbele ya kamati, na ukaipa tisa.

Na ile sahihi umeitaja juujuu, kama mtu anayetaja mwavuli aliousahau kwa jirani. Isome tena barua yako. Bila kalamu yako hakuna anayetoka chuoni hapo akiwa mwalimu, na Kaylin hana hiyo miaka mitano.

Kwa hiyo Ijumaa ingia kwa mlango mmoja tu. Kabla ya kura, waambie umejitoa kuwa mwombaji, nafasi ya mgeni apewe aliye mgeni kweli. Kisha mpigie Kaylin, kwa mkono ulionyooka, maana anastahili na unalijua hilo. Ukitoka hapo nenda moja kwa moja kwa Gretchen, umwambie unataka kiti cha kudumu, kwa maandishi, kabla ya Mei. Wanafunzi wa mwaka huu watilie sahihi, hawana kosa. Akisema atalifikiria, mwambie nawe sahihi za mwakani utazifikiria. Usilie, na usimpapase mbwa. Akikataa kabisa, funga vitabu vyako uondoke. Itauma, na mume wako ataacha kucheka, lakini shule za hapo jirani zinalilia walimu, na huko hakuna atakayekuuliza safari ilikuwaje.

Jambo la mwisho. Umenitajia jina la Gretchen, la Dale, la Kaylin, hata la mbwa. La kwako hukuliandika popote, nimeliona nyuma ya bahasha. Ni jina zuri. Mimi sitalichapa hapa, si kazi yangu. Ijumaa fika mapema, ibandue ile karatasi mlangoni, uliandike mwenyewe.

Shangazi Opal