Mkuyu wa Baba Mkwe na Safari ya Kumzuga

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako upesi kwa sababu nimeshakubali jambo ambalo roho yangu inalikataa, na anayehusika ni baba mkwe wangu, ambaye nampenda na kumheshimu kama baba aliyenizaa.

Baba alikuwa fundi cherehani maisha yake yote, na alipofiwa na mama mkwe tukamchukua aje kuishi nasi kwenye nyumba yetu mpya huku pembezoni mwa mji, nyumba nzuri lakini uwanja mtupu, udongo na mabaki ya kokoto, jua likipiga ukutani mpaka jikoni hapakaliki, na yeye akawa mtu wa kukaa tu kitini, hata wajukuu wakimchokoza hacheki, mpaka siku moja akamuuliza jirani, hivi kabla ya hizi nyumba hapa palikuwa na miti gani? Jirani hakujua. Basi baba akaanza kutoka kila asubuhi kuitafuta miti ya zamani iliyobaki, nyuma ya mashine ya kusaga, kando ya mto, kwenye uzio wa zahanati, anarudi na mbegu mfukoni mwa koti na hadithi mdomoni, na majirani waliokwisha kupanga miti yao ya mapambo kutoka ng'ambo, yote sare kama wanafunzi mstarini, wakamcheka kwamba anatuletea pori nyumbani.

Lakini mshauri, ungemwona anavyofanya kazi. Hachimbi shimo mpaka apime kivuli. Anafunga shuka kwenye fito mbili ndefu, analisimamisha pale anapoutaka mti, halafu anatuita tukae chini yake jua likiwa kali. "Mama, kinakufikia hapo mlangoni pa jiko?" Hapana baba. Anasogea kidogo. "Na sasa je?" Mpaka kivuli kikae sawasawa, ndipo anachomeka kijiti cha kuweka alama.

Leo mkwaju uko kona ya geti ambako una nafasi ya kutanuka, mipingo imesimama kandokando ya uzio, mtopetope mwitu uko mbele ya dirisha la wanangu, na mkuyu, kipenzi chake hasa, uko nyuma ya jikoni, umekua kwa kasi ya ajabu, ndege ambao hatukuwahi kuwaona wanagombana humo tangu alfajiri, jikoni kumepoa, na baba anacheka, mshauri, anacheka mpaka anashika mbavu. Wale majirani sasa ndio wanaokuja kumwomba miche.

Tatizo ni huo mkuyu. Juzi juzi choo kilianza kurudisha maji, tukaita fundi bomba, akafunua mfuniko wa shimo la maji machafu na kukuta mizizi imetoboa ukuta na kujaa humo kama nywele kwenye kitana. Baba alikuwa matembezini. Mume wangu akasema mti unakatwa, na kwa hasira akaongeza kwamba na mingine yote ing'olewe, uwanja usakafiwe kwa saruji tupumzike. Nikamuuliza, "Na baba utamwambia nini?" Akasema, "Simwambii kitu. Wewe mpeleke kwa dada akatembee, akirudi atakuta kazi imeisha. Mimi siwezi kumwangalia usoni."

Nami kwa kuogopa ugomvi nikasema sawa. Tunaondoka Jumamosi. Baba amefurahi, ameshapiga pasi shati lake na kutenga miche ya kumpelekea bintiye, na mimi kila nikimwona nakimbilia chumbani kulia. Nikisema, nimemsaliti mume. Nikinyamaza, nimemsaliti baba. Nifanyeje?

Mkwe niliyekwama

MSHAURI ANAJIBU

Pole, mwanangu, na hongera, maana wanaoniandikia kuwasifu wakwe zao ni wa kuhesabu. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa ajili ya lile shuka tu. Wengi wetu tunanunua mche kwa kupenda ua lake, kivuli kikaenda kwa jirani na majani yakabaki kwetu kufagia. Mzee wako aliuliza kwanza ardhi yenyewe imezoea nini, kisha akamvisha kila mtu kivuli chake. Namvulia kofia.

Sasa nikukemee. Umekubali kumshika mkono mzee wa watu na kumtoa nyumbani kwa hila, naye anapiga pasi shati. Usiniambie habari za kuogopa ugomvi. Na mumeo si mtu mbaya, mtu asiyejali asingeona haya kumwangalia babake usoni, lakini haya zake asikubebeshe wewe.

Tuseme ukweli, baba kakosea. Alipima juu akasahau chini. Mkuyu ni mti wa kingo za mto, unafuata maji popote yalipo, na kwenye uwanja wa nyumba maji yasiyokauka yako shimoni. Kuupunguza matawi hakutasaidia. Utoke sasa, kabla mizizi haijaugusa msingi wa nyumba. Ila huo mkwaju wa getini, mipingo na mtopetope imemkosea nini mumeo? Mwambie akisakafia uwanja wote, jiko litarudi kuwa tanuri, na atapika yeye.

Safari ya Jumamosi ifute. Leo jioni zungumza na mumeo kwanza, usimzunguke. Mwambie, "Siendi. Baba ataambiwa, na wa kumwambia ni wewe, mimi nitakaa pembeni yako." Akikataa, mjulishe kwamba utasema mwenyewe, kisha useme. Mpelekeni baba shimoni, mfunueni mfuniko, aione mizizi kwa macho yake. Msimbembeleze kwa maneno matamu. Fundi huonyeshwa nguo pale ilipofumuka, basi, mengine anayajua.

Kabla msumeno haujaanza, mwombeni achague matawi yenye unene wa mkono. Mkuyu huota kwa tawi, na mvua zikianza akayasimike kule mtoni, mbali na mabomba ya watu. Kisiki king'olewe chote, kikibaki kitachipua. Ukuta wa shimo uzibwe upya. Halafu jikoni atafute mti mwingine wa asili, mdogo, wenye mizizi ya upole, na safari hii aonyeshwe mabomba yanapita wapi kabla hajachomeka kijiti.

Ataumia, sikufichi. Mvumilieni. Lakini atakuwa ameumia akiwa baba wa nyumba hiyo, aliyeulizwa na aliyeamua. Mkifanya mlivyopanga, atarudi, ataona pengo nyuma ya jikoni. Atawashukuru kwa safari, ataingia chumbani kwake taratibu, na kuanzia siku hiyo atakuwa mgeni wenu.