Ulimwitikia Mara ya Kwanza

Nizwa, Omani
Ijumaa, baada ya Alasiri

Kwa mke wangu Zaituni, Mama Rehema,

Asalaam aleikum. Naomba barua hii ikukute mzima, kikohozi cha Rehema kimemwachia, na maji ya mto yamemngoja mama avune mpunga wake kwanza. Mimi mwili hauna neno. Joto la huku limepungua, tende zimeshavunwa zote, na ghalani kazi yetu siku hizi ni kupanga maboksi tu. Nakula, nalala, naswali. Kinachoumwa ni moyo, ndiyo maana nimeshika karatasi badala ya simu. Kwenye simu ukicheka tu nasahau nilichotaka kusema. Barua hii anakuletea jirani yetu wa Ikwiriri anayerudi likizo, na nakuomba usicheke mpaka uimalize.

Ni habari ya lile gemu letu la simu.

Najua niliyelileta ni mimi. Rodeli, Mfilipino ninayelala naye chumba kimoja, ndiye aliyenionyesha, nikakwambia ulipakue hapo kibandani kwako Kibiti unapochajia watu simu. Nilikuwa na maana yangu. Tangu tuoane hatujawahi kukaa kwenye nyumba yetu wenyewe. Tulikaa kwa mama yako Maparoni, tukapanga chumba Kibiti, kisha mimi nikaja huku. Nikaona hili jumba la mazimwi, ingawa limebomoka na bafuni mna maiti, angalau kila Ijumaa baada ya swala tunaingia pamoja, tunafungua milango, tunatafuta funguo. Unaniambia, "Baba Rehema, jikoni hamna kitu." Wenzangu wanadhani nacheza. Mimi nilikuwa nakaa na mke wangu.

Rodeli anasema kinachotisha mle ni lile zimwi lenyewe, yule mwanamke mwenye meno. Mimi nilimwogopa siku ya kwanza. Siku ya pili nikamwona kama shangazi yangu wa Ngarambe akiamshwa kabla hajatosheka na usingizi. Kinachonitisha mimi ni kungoja. Umesimama koridoni, tochi inafifia, hakuna kinachotokea, na masikio yanaanza kukutungia mambo. Halafu kuna sauti. Mwenzako akiwa karibu unamsikia vizuri, akisogea sauti inapungua, akienda mbali humsikii tena. Na lile zimwi linaokota maneno yenu na kuyarudisha kwa sauti zenu wenyewe. Limeniita kwa sauti yako, "Baba Rehema, njoo huku," na mimi mbio, mchana kweupe, jua linawaka dirishani, nikaenda kuliwa. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Hili linanijua na linanimaliza kila wiki.

Ningefanyaje? Kwetu Ngarambe, ukiwa shambani na tembo wako jirani, ukiitwa unaitika hapo hapo. Ukikawia, watu wanakuja na mapanga na madebe wakidhani umeshakwenda.

Wewe hujaliwa hata mara moja. Nilipokuuliza siri yako ulisema, "Nyie watu wa bara mna haraka. Kwetu Maparoni mtu akiwa mikokoni anakata boriti, akisikia jina lake haitiki. Ya kwanza haitiki, ya pili haitiki. Mtu wa kweli ataita ya tatu. Kisicho mtu hakina subira." Basi ikawa ndani ya nyumba yetu ile lazima nikuite mara tatu ndipo niipate "abee" yangu. Mwanzoni ilinikera. Baadaye nikaipenda, kwa sababu nilijua nimeshapimwa nikaonekana ni mtu.

Kisha akaingia huyu anayejiita Dogo Moto. Mlango wa gemu uko wazi kwa yeyote, hilo silikatai. Alikuwa hana wenzake, akatuomba tumchukue. Kijana wa Dar, ulimi wake haukai. "Dada Zai, usipaniki, niko nyuma yako." Nani kamruhusu kulikata jina la mke wangu nusu? Mimi mwenye mke nalitaja lote. Ijumaa iliyofuata nikawakuta mmeshaingia kabla yangu. Nyingine nikawakuta mnataniana habari za perege wa Rufiji, eti akija Kibiti utamkaangia. Mimi nimekaa huku nakula wali wa basmati na dengu, sijaonja samaki wa mkono wako tangu niondoke. Nilijifanya mtandao unasumbua, sisikii. Nilisikia kila neno.

Ijumaa iliyopita ndiyo iliyoniharibu. Ulikuwa ghorofani, mimi ngazini, yeye nilimsikia kwa mbali. Nikakuita, "Mama Rehema." Kimya. Sikujali, ndiyo ya kwanza. Nikaita ya pili. Kimya. Kabla sijafungua mdomo kwa ya tatu, yeye akaita, "Zai." Mara moja, basi. Na wewe ukaitika, "Abee."

Mke wangu, yule mwenye meno alinitokea nyuma saa ile ile na sikushtuka. Nilimwacha anile. Nikaiweka simu kitandani.

Kesho yake nilikupigia. Nikakuuliza kwa nini yeye umemwitikia na mimi hukuniitikia. Ukasema, "Baba Rehema, sauti yako ndiyo lile zimwi linaiiga sana. Ya yule kijana halijaiiga bado." Halafu ukacheka, mteja akaja kuchukua simu yake, ukakata.

Wiki nzima nimelitafuna jibu hilo pamoja na tende. Lina akili, siwezi kulipinga. Lakini jiweke mahali pangu: sauti ya mumeo ndiyo ya kutiliwa shaka, ya mpita njia ndiyo ya kuaminiwa. Na nikizidi kufikiri naona hata nje ya gemu mambo ni yale yale. Rehema akiniona kwenye simu anakimbilia nyuma yako. Kwenu nimebaki sauti ya Ijumaa. Nina wivu, Zaituni, sifichi, wivu mpaka wa wale wateja wanaosimama mbele yako kungoja betri zao zijae.

Bosi aliniuliza kama naongeza mkataba. Wewe ulisema niamue mwenyewe, na nilikuwa nimeshaamua kuongeza, tumalizie ile nyumba tunayojenga. Jana nimemwambia hapana. Usiseme ni hasira. Hasira imo, lakini kidogo. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na mimi huku siwezi hata kujua kama nyoka yupo au ni kamba. Narudi kabla ya Ramadhani. Nyumba itatukuta tupo wote wawili.

Kucheza sikukatazi. Nikikukataza nitakaa nikikisia, na kukisia kutaniua kabla ya zimwi. Cheza, mradi huyo kijana umwambie unaitwa Zaituni, na kwamba perege wana mwenyewe.

Nisalimie mama mkwe, mwambie dawa ya miguu nimeipata. Msalimie shemeji yangu mvuvi na mkewe, na baba yangu Ngarambe mtu akienda huko. Mama mwenye nyumba mpe salamu zake na umwambie uani pasafishwe, mwenye mke anakuja. Rehema mbusu mashavu yote mawili, asijue bado.

Siku nitakayofika sitapiga simu. Nitasimama nje ya kibanda chako mchana, watu wakiwepo, na nitakuita. Nitaita mara moja. Ya pili na ya tatu ninazo, lakini nakuomba sana usizingoje.

Mumeo,
Shabani