Hodi ya Depo 2

Jumatatu, 5 Mei
Mialiko minne kabla ya chai. Ni watu wa nje wanaoomba kuzungumza na ofisi yetu kwenye programu ya ujumbe. Wakala wa bima, nikamkubali. Hoteli, nikaikubali. Muuza jenereta ambazo hatukuomba, nikamkataa. Wa mwisho anajiita "Depo 2". Jina la mtu hakuna, picha hakuna. Ameandika neno moja tu: Hodi. Hodi ya nani? Nikakataa. Bosi amenipa kazi hii kwa sababu mimi ni mkali, na mkali nitakuwa.

Jumanne, 6 Mei
Depo 2 tena. Hodi. Nimekataa tena. Uso mkavu kweli huyu.

Jumatano, 7 Mei
Mara ya tatu. Hodi ileile, hasemi ni nani wala ana shida gani. Mwezi uliopita tapeli mmoja alijifanya muuzaji wetu wa karatasi, bosi akatugombeza wiki nzima. Kwa hiyo sikungoja. Nikabonyeza Zuia. Sasa hata akiandika, hainifikii. Nilijisikia vizuri, niseme ukweli.

Ijumaa, 9 Mei
Baba mkwe hakuja. Kila Ijumaa akitoka msikitini anapitia kwetu Nyakabiga, anakula wali, ananitania kwamba nimemnenepesha mwanawe, kisha anarudi kazini. Mimi natoka ofisini Kinindo mbio ili nimpakulie mwenyewe. Leo wali umepoa. Swedi, mume wangu, alimpigia simu, akajibiwa kwamba mzee ana kazi nyingi. Mzee Hamisi hajawahi kuwa na kazi nyingi siku ya wali.
Nimemkosea nini? Baba yangu alifariki nikiwa mdogo, sura yake siikumbuki. Huyu ndiye anayeniita binti. Naogopa kumpoteza.

Jumamosi, 10 Mei
Swedi alikwenda kwa baba yake. Amerudi anacheka, mimi nimelia.
Depo 2 ni baba mkwe! Kule Mutakura, kwenye stoo ya vipuri anakofanya kazi, wamewekewa kompyuta yenye programu hiihii ya ujumbe. Akaunti ina jina la stoo, si la mtu. Alipiga hodi kama anavyopiga mlangoni kwangu, ambako hana haja ya kujitaja maana sauti yake naijua. Mara tatu hakujibiwa, akarudi zake, kama tulivyofundishwa sote kwenye chuo cha Kurani. "Mi siwezi kulazimisha mulango ya mutu," alimwambia Swedi. "Pengine ananionea haya kule ku bureau, ku kazi yake."
Haya! Mimi nimwonee haya yeye! Nimemzuia mkwe wangu kwa mkono wangu mwenyewe, tena nikafurahi. Swedi anasema nimpigie tu, yaishe. Anajua nini huyu? Mkwe haombwi radhi kwa simu.

Jumatatu, 12 Mei
Asubuhi niliondoa zuio kabla hata sijaketi vizuri. Mchana nikaenda Mutakura. Njiani nusura nirudi.
Nilimkuta katikati ya makopo ya oili, miwani kwenye paji la uso. Nikamwamkia, nikamweleza yote huku natazama chini. Alishusha miwani, akanitazama. Halafu akacheka mpaka akakohoa. "We binti, kumbe we ndo polisi ya kule?"
Mwenzake wa kaunta akaniambia yaliyobaki. Siku ya mafunzo kila mmoja alitakiwa kumwalika mtu mmoja wa nje, kwa kujaribu. Wenzake wote walichagua wateja. Mzee akatoa pochini kadi yangu ya kazi yenye anwani ya ofisi, ile niliyompa nilipoajiriwa, akasema, "Mi niko na binti yangu ku Kinindo."
Nimelia tena, mbele ya matairi na wateja. Mzee akanipa kitambaa chenye harufu ya grisi. Nimekuja nacho nyumbani, sitaki kukifua.

Alhamisi, 15 Mei
Siku tulivu. Manyunyu kidogo asubuhi. Mwaliko mmoja tu, wa fundi wa viyoyozi, nikaukubali.
Saa nne Depo 2 aliniuliza kama nimekunywa chai. Nikajibu bado, akaniagiza ninywe. Bosi alikuwa anapita nyuma yangu, akasoma. Akataka kujua huyu Depo 2 ni mteja, au ni nani.
Ni baba yangu, nikamwambia, kisha nikaenda kuchukua chai.