Nimevishindilia Vigingi vya Dada, Bahari Imeonekana Haina Hatia

Mpendwa Bibi Mshauri, shikamoo. Kabla hujaitikia naomba ukae kitako, maana jambo langu halisomeki mtu akiwa amesimama.

Mimi ni Husseini wa Kibuta, Kisarawe, shule niliachia darasa la tano baada ya mimi na hesabu kutoelewana, lakini kwa kazi za nguvu uliza yeyote kuanzia kwetu mpaka Mlandizi, utaambiwa. Mwaka jana alikuja msomi wa Chuo Kikuu, dada Eugenia, anasomea udaktari, si ule wa sindano, ule wa vitabu, na wafadhili wa Ulaya wamempa Landrova na kila kitu ili achunguze dhoruba kubwa zinaufanya nini ufukwe wetu wa upande wa Kisiju, akataka kijana wa kumsaidia, sasa angemchukua nani kama si mimi. Akachimbia vigingi ishirini mchangani, kila kimoja akakipiga mstari mwekundu pale kinapogusana na mchanga, akaniambia, "Husseini, kaa hapa kwa mjomba wako uniangalizie. Kila baada ya dhoruba nitakuja kuona mstari uko wapi."

Nikamjibu, "Dada, wewe nenda kasome. Mstari utaukuta palepale."

Basi Bibi, ikapiga dhoruba ya kwanza, minazi ikalala, asubuhi nakuta mchanga umeondoka na vigingi vimechomoza kama meno ya kizee, mstari umepanda mpaka gotini, na mimi nimelelewa kwamba kigingi cha mpaka kikichomoza ukakiacha umekaribisha kesi ya shamba, babu yangu akikiona kimoja hivyo hali chakula mpaka akishindilie, kwa hiyo nikachukua mchi wa mama, niliouazima bila kumwambia nilipotoka Kibuta, nikavipiga vyote ishirini mpaka mistari ikalala juu ya mchanga, safi. Dhoruba ya pili vivyo hivyo, ya tatu, ya nne. Kimoja kilichukuliwa na maji, nikaweka cha mti mbichi wa mbono, kikachipua majani, dada akakipiga picha.

Wala sikufanya kienyeji. Kila kigingi kilipozama shibiri moja nilikata alama kwenye mchi, kila kigingi na safu yake, kila dhoruba na mzunguko wake, ili baba yake Mwanaamina, binti ninayemposa, aone anamkatalia mwanamume wa namna gani.

Wiki iliyopita dada kaja, kapima, kakaa chini mchangani. "Ajabu, Husseini. Dhoruba nne na ufukwe haujashuka hata kidole. Sijasoma popote habari za mchanga kama huu."

Nikauliza, "Kwani ulitakiwa ushuke?"

"Mstari ukipanda ndipo najua bahari imekula kiasi gani. Ndicho nilichokuja kupima."

Bibi, nikambebea begi lake mpaka kwenye Landrova. Naye sasa yuko kwa shangazi yake Kwa Mathias, Kibaha, anamalizia kitabu kinachosema dhoruba haziudhuru ufukwe wetu, mwezi ujao atasimama nacho mbele ya maprofesa. Mwenyekiti wa kijiji, mzee Pazi, kasema mkutanoni kwamba hata bahari imefuata siasa, haichukui tena mali ya mtu, mimi mlinzi wa vigingi nikapigiwa makofi, nikapunga mkono. Nikisema, naumbuka wilaya nzima. Nikinyamaza, anaumbuka yeye. Je, ningoje dhoruba ya tano, safari hii nisivishindilie, mambo yajisawazishe yenyewe?

Husseini, Msaidizi wa Udaktari, Kibuta.

Marahaba, Husseini. Nimekaa. Nimecheka, nimejifuta macho, sasa nisikilize maana sitacheka tena.

Kushindilia sikulaumu sana. Mtoto wa shambani akiona kigingi kimechomoza atafanya nini? Ninalokulaumu ni kwamba umejua wiki nzima na bado unakula na kulala. Huyo dada aliiona minazi imelala, lakini akakuamini wewe kuliko macho yake. Unataka akasimame mbele ya wakubwa ausifu mchanga usioshuka, na mbono wako ulioota majani uwe shahidi wake? Dhoruba ya tano usiingojee. Bahari hukuiajiri ikufichie aibu.

Lakini kuna jambo umeliandika kwa kujisifu tu, ukalipita mbio. Rudi pale penye alama. Kila kigingi safu yake, kila dhoruba mzunguko wake. Mwanangu, hicho ndicho dada wa watu alichokitafuta mwaka mzima. Bahari ilikula, wewe ukaandika, ila ulimwandikia mkwe.

Fungasha huo mchi kwenye gunia leo hii, panda basi la mjini, kisha la Morogoro, ushuke Kwa Mathias. Mpe mkononi kabla hujaanza kujieleza, maana ukianza utajisifu. Tandaza kiganja, apime shibiri yako kwa rula. Akikufokea, inamisha kichwa. Kigingi cha mbono mwambie akifute kabisa. Kisha nenda kwa mzee Pazi, useme kweli mkutanoni palepale ulipopigiwa makofi. Baba yake Mwanaamina akisikia ulikiri mwenyewe, huenda akakufikiria. Akisikia kwa watu, tafuta mchumba mwingine.

Na kabla hujapanda basi, mtafutie mama yako mchi mwingine. Wa kwake hautarudi jikoni, unakwenda kwa maprofesa, na hukuandika popote mama wa watu ametwangia nini mwaka mzima.