Amri Uliyoiacha

Kirumba, Mwanza

Kwa mjukuu wangu, mume wangu Lukman,

Marahaba. Nimeitikia shikamoo ambayo hukuileta, maana tangu Idi hujakanyaga hapa, na simu zangu unazikata kama za matapeli. Kifua kimepona? Mimi mzima, ila magoti. Anayeandika ni jirani yetu Raya. Nimemkataza kulainisha hata neno moja.

Nina habari za kile chumba cha baridi cha samaki pale sokoni Mwaloni, ambacho wewe na mdogo wako Nurudin mlikiwekea kompyuta. Unakumbuka mlivyogombana juu ya mkeka wangu, sato anapoa? Nurudin alitaka mbaki na Docker, ile programu ya kuendeshea programu nyingine, ambayo vidole vyake vimeizoea. Wewe ukasema Docker ina msimamizi mmoja anayekesha na funguo zote, mwizi akimlaghai huyo kaipata nyumba nzima. Podman uliyoitaka wewe haina msimamizi, na amri ni zile zile, hata mbumbumbu hataona tofauti. Ukamwita mwenzio mshamba. Ukabadilisha, ukakimbilia basi la Dar.

Mimi shule sikuiona, lakini fundi Elias wa Mirongo alinieleza mpaka nikaelewa. Kwa Docker, ukifunga jina lako, yaani ukijitoa kwenye kompyuta ukaenda zako, yale makontena, visanduku vya programu, yanaendelea na kazi, msimamizi yupo. Kwa Podman ulivyoiweka wewe, aliyeyawasha akifunga jina lake, nayo yanazima, labda kwanza iandikwe amri ya kuyaruhusu yabaki. Hukuiandika.

Jumamosi Nurudin akafunga jina lake kama alivyozoea, akaja kula. Kontena linalopima joto na kutuma ujumbe likazima. Mtambo wa baridi ukaharibika, simu ya mtu isilie. Jumatatu wanafungua mlango, sangara wa akina mama wamevimba, maji meusi yanachuruzika.

Walimfanyia Nurudin unyama, Lukman. Walimlazimisha kuwatoa samaki wale kwa mikono mitupu huku wanamzomea, eti Bwana Kompyuta, ongea nao wafufuke! Sabina, ambaye mzigo mkubwa ulikuwa wake, alimmwagia ndoo ya yale maji kichwani, watu wakacheka mpaka wakakaa chini. Nilimsugua kwa ndimu kama mtoto, mwanamume mzima na ndevu zake, na harufu haikutoka.

Ukapiga simu mikono yake ikiwa bado na mapovu. Akaweka sauti ya nje. Hukujua kama nipo. Nikakusikia ukimwambia amri ile uliijua, uliiruka kwa haraka ya basi, na ukamsihi abebe yeye, kwa kuwa yeye ameshachafuka na wewe kazini wanataka kukupandisha cheo. Akakujibu sawa, kaka. Mjinga yule anakupenda.

Na mimi nakupenda. Ndiyo maana jana nimejikokota mpaka Mwaloni, nikapanda juu ya kreti la samaki, nikawatajia jina lako. Nurudin amenikasirikia, hali chakula changu. Sabina amesema ndoo anakuwekea.

Wasalimie wenzako wa kazini, uwaambie bibi yako ni mzima.

Ukija, usianzie nyumbani. Shukia Mwaloni, mtafute Sabina, simama mbele yake na usikinge uso. Vaa nguo ya kutupa. Maji ya moto na ndimu utavikuta kwangu.

Ni mimi bibi yako,
Maulida