Onyo Nililoliweka Chini

Akropong-Akuapem,
Jumatatu baada ya Pentekoste

Kwa Bi. Salome Oparebea, Abetifi

Shemeji yangu mpendwa,

Nakuamkia kwa heshima yote anayostahili dada mkubwa wa marehemu mke wangu. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, goti lako limepata nafuu, na ukungu wa huko mlimani haukuzuii kwenda kanisani. Mimi sijambo, ila macho. Naomba radhi kwa kutokujibu tangu Pasaka. Haukuwa uvivu. Barua hii nimeianza na kuichana mara nyingi, kwa kuwa ndani yake mna ombi, nalo lahusu nyumba aliyoiacha mdogo wako Dorothea. Sitatenda neno lolote mpaka wewe uniruhusu. Nivumilie basi nikilifikia polepole. Wamisionari walionifundisha kuandika hawakuwahi kutuonyesha njia ya mkato.

Uliniuliza ni kazi gani inayomkalisha mzee mbele ya kompyuta kutwa. Bila shaka unamkumbuka Opoku Amankwaa, mwanafunzi wangu aliyekuwa akila chaki. Sasa ana mvi na shahada. Yeye na wenzake huzigawia shule mfumo wa kuendeshea kompyuta usiouzwa, ambao mtu yeyote huruhusiwa kuufungua, kuurekebisha na kumpa jirani. Wameandika kwa Kitwi mwongozo wa kuusakinisha, yaani kuuweka ndani ya kompyuta, na kila mtu aweza kupendekeza badiliko katika mwongozo huo. Lakini wana sheria moja niliyoipenda mno: hakuna ajipitishiaye badiliko lake mwenyewe. Sharti mtu mwingine alisome, alijaribu, aulize maswali, ndipo aseme lipite. Opoku alikuja hapa akaniambia, Mwalimu, ulitumwagia wino mwekundu miaka yote ile, wino haujakwisha, njoo uumalizie kwetu. Nikakubali.

Nakiri nilianza vibaya. Palipoandikwa "bonyeza hapa", mimi nilipendekeza "sasa, kwa moyo mkunjufu na mkono usiotetemeka, ubonyeze hapa", na mwisho wa sura nikatia baraka. Aliyepewa kuyapitia mapendekezo yangu alikuwa Bi. Mawusi Agbenyega wa mji wa Ho, mwalimu mstaafu wa hesabu, ambaye Kitwi alikijua alipokuwa akifundisha Koforidua. Aliyarudisha yote. Aliandika kwamba, Mwalimu, huyu msomaji wako ana mkono mmoja kwenye kibodi na mwingine kwenye karatasi. Mwache abonyeze kwanza, atasali akimaliza. Nilikasirika hadi adhuhuri. Kisha nikacheka peke yangu jikoni, kicheko ambacho kuta za nyumba hii zilikuwa zimekisahau.

Ikafika aya aliyoiandika yeye, nikapewa mimi niipitie. Sikuwa na kompyuta ya kujaribia ila ile ya Dorothea, iliyokuwa imefunikwa kwa kitambaa chake cha kanisani tangu mazishi. Nilijua kwamba ndani yake mna nyimbo alizozirekodi akiwafundisha kwaya. Nilidhani mfumo mpya huingia kama mpangaji mpya, akakaa chumba cha pili bila kugusa vitu vya mwenye nyumba. Nawe unanijua: miaka yote niliwafundisha watoto wasome sentensi, waitende, ndipo waisome inayofuata. Aya ikasema chagua diski; nikachagua. Ikasema bonyeza palipoandikwa Sakinisha. Kidole changu kilikuwa kinashuka umeme ulipokatika, kama ilivyo kawaida yake mvua ikitishia, na betri ya kompyuta hiyo ilikufa zamani. Basi nikasogea dirishani na karatasi yangu, maana aya zote huzichapisha kwanza kwa ajili ya macho, nikasoma mstari wa chini: angalia, hatua hii hufuta kila kitu kilichomo.

Shemeji, sauti ya mdogo wako ilibaki duniani kwa sababu ya kukatika kwa umeme, nami niliyekuwa nikiwalaani watu wa umeme kila juma nikawasamehe siku ile.

Nilimwandikia Bi. Mawusi kwa ukali nisiouzoea. Nilimwambia kwamba onyo likija baada ya tendo si onyo tena, ni rambirambi. Nikangoja ajibu mapigo, maana watu wa hesabu ni wabishi. Hakujitetea hata kwa neno. Alisema kosa ni lake, kisha akauliza, ndani mlikuwa na nini? Nikamweleza. Kesho yake hakuutaja mwongozo kabisa. Alinipigia simu akanielekeza namna ya kunakili nyimbo zote kwenye flashi, akangoja upande wa pili mpaka ulipotoka wa mwisho. Katika kupapasa kwangu, wimbo mmoja wa mavuno ukalia, na Dorothea akasikika akiwakemea akina mama wa sauti ya pili, nyie mnaimba kama mmejitwika maji, shusheni hizo ndoo muimbe. Bi. Mawusi akasema, huyu tungepatana.

Juma lile aliiandika upya aya yake. Onyo alilipandisha juu, na juu ya onyo akaweka hatua mpya: "Kwanza, toa nje kila unachokipenda." Mimi nilipinga. Nilisema iandikwe mafaili, na nikamkumbusha kwamba ni yeye aliyenikataza moyo mkunjufu. Akanijibu, Mwalimu, mtu hasimami kwa ajili ya mafaili, ila mtajie anachokipenda uone kama hatasimama. Mwishowe niliipitisha. Tangu hapo tumebishana juu ya kila aya iliyobaki, na zilipokwisha tukatafuta nyingine.

Sasa ombi lenyewe. Siku ya kumbukumbu ya Dorothea ulisema mbele ya wageni kwamba mgane anayekula mkate na chai kila jioni hamlilii mkewe, bali anamsingizia kuwa hakumfundisha kupika. Watu walicheka, nami nikainama, kwa kuwa ni kweli. Bi. Mawusi ni mjane wa siku nyingi. Nataka kumwoa. Yeye hajasema ndiyo. Amesema hili nalo ni badiliko, na wawili hawajipitishii. Watu wake wa Ho wamekwisha kulitazama wakaridhika. Kwa upande wetu kaka zenu wamelala mauti, umebaki wewe. Ukisema hapana, ataendelea kuwa msomaji wa aya zangu tu, nami sitakwenda kutafuta mwingine wa kunipitishia. Opoku ananicheka, ati Mwalimu utaacha fufu yetu uzeeni uanze kumeza akple, ugali wa watu wa Ho? Nimemjibu kwamba tumbo langu nalo hupokea mapendekezo.

Nisalimie wajukuu wote, mchungaji, na jirani yako wa mbuzi. Flashi iliyofungwa katika leso ni yako. Ndani mna nyimbo zote za mdogo wako, pamoja na makemeo yake. Sikuituma ili nikushawishi. Ni yako hata ukinikatalia.

Nikiisoma tena barua hii naona nimetenda kosa lile lile nililomgombezea mwenzangu: onyo nimeliweka chini, na lilipasa kuwa mstari wa kwanza. Uniwie radhi. Mama mrefu mwenye miwani aliyekukabidhi bahasha hii, anayekuja hapo Abetifi kuwatazama wasichana wa shule wakiujaribu mwongozo wetu, na ambaye sasa amekaa mbele yako akijifanya anatazama picha za ukutani, ndiye Bi. Mawusi Agbenyega mwenyewe. Anayajua yaliyomo, kwa kuwa ameyapitia, akafuta sifa zote nilizompa. Tafadhali, Shemeji, mpe maji kwanza kama ilivyo desturi. Maswali yafuate.

Ni mimi shemeji yako mtiifu,
Theophilus Asiedu-Larbi

Kwa mkono wa Bi. Mawusi