Koili Mpya za Sanjar

Mama Sanjar,

Nakimbilia basi la Naryn. Mama yangu ametutoka. Kaanga maandazi ya boorsok ya kumwombea, na uniletee koti langu zito.

Jana Sanjar alifunga koili mpya kwenye gari, plagi zitoe cheche kali na gari lisikohoe mlimani. Kumbe kompyuta ya gari haikupangwa upya kuzipokea. Asubuhi tukienda kumwona mama mgonjwa, gari likazimika hata mji wa Tokmok hatujafika. Tukiwa tumekwama hapo, dada akapiga simu kuniambia msiba.

Nikamfokea mwanangu mbele ya watu: “Umeninyima kumuaga mama yangu!” Alikuwa anafuta grisi mikononi, anafuta tu.

Tulipolivuta gari mpaka nyumbani, dada akapiga tena. Mama alikata roho alfajiri, kabla sijawasha gari. Hata ningepaa nisingemkuta.

Sanjar hajui. Kajifungia gereji, nimegonga hafungui. ~~Mwambie asiguse tena gari langu.~~ Mwambie hana kosa, mkosaji ni mimi. Ale kwanza.

Kesho mje nyote Naryn. Wanaume tutasimama nje ya hema la yurta kumlilia mama, na nataka mwanangu asimame ubavuni kwangu, kama bado ananitaka.

Baba Sanjar